Bonde la Mto Sabaki: Nchi Yake na Watu Wake



Kila mwaka taarifa hii hutanguliza hesabu za fedha, na ni haki iwe hivyo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini chama cha kusaidiana hakiishi kwa fedha peke yake. Mara nyingi katika mikutano yetu vijana wameuliza kwa nini mababu zao walihamia ng'ambo ya mto, na kwa nini wao wenyewe hawana hati ya shamba ambalo ukoo wao umelilima kwa vizazi vitatu au vinne. Wazee wamejibu kila mmoja kwa aonavyo, na mara nyingine majibu hayo yamezaa ugomvi badala ya elimu. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa safari hii kuandika kwa ufupi habari za bonde la Sabaki, nchi yake na watu wake, ili kila mwanachama awe na kitu cha kusoma pamoja na watoto wake jioni.

NCHI NA MAJI YAKE

Mto Sabaki ni mtoto wa milima, ijapokuwa sisi tunaoishi mwishoni mwake hatuioni milima hiyo. Maji yake ya kwanza hutoka katika nchi za juu karibu na Nairobi, na huko huitwa Athi. Mto hushuka ukiambaa na uwanda mrefu wa Yatta, ambao asili yake ni moto wa volkeno ulioganda ukawa mawe, wenye urefu wa kilomita 290 hivi. Ndani ya mbuga ya Tsavo, Athi hukutana na mto Tsavo, ambao maji yake hutoka upande wa Kilimanjaro. Toka hapo mto huitwa Galana, neno ambalo katika lugha ya Waoromo maana yake ni mto tu. Na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Urefu wake wote ni kilomita 390 hivi, nao ni wa pili katika Kenya baada ya Tana.

Bonde lenyewe, kwa maana tunayoitumia hapa, laanzia nchi kavu ya Chakama na Baricho, likapita Lango Baya, Garashi, Jilore na Marikebuni, likaishia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Kusini yake uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, na kusini-magharibi chaonekana kilima cha Mangea. Kaskazini yake nchi hupanda kidogo kidogo kuelekea Magarini na Marafa. Hapo Marafa mvua imeuchonga udongo mwekundu na mweupe ukawa genge kubwa lenye minara, liitwalo Nyari. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na watu matajiri waliooga maziwa kwa kiburi, Mungu akaididimiza nchi yao. Mwenye kulitazama genge hilo huona pia funzo lingine, kwamba udongo usioshikwa na mizizi huondoka.

Mvua ya pwani ni ya kutosha kwa mahindi na minazi, lakini mtu akienda bara hupungua upesi, hata baada ya mwendo wa siku moja kwa miguu huwa nchi ya miiba na mibuyu. Hiyo ndiyo sababu ya mto kuwa roho ya nchi. Haukauki hata wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hufurika, na ukirudi kitandani mwake huacha tope nono, ambalo watu hupanda mahindi, mpunga, kunde, bamia na mboga. Wapandao hapo wajua kwamba mto huo huo uwapao chakula waweza kulichukua shamba zima kwa usiku mmoja, na kwamba mamba na viboko nao wana hisa yao.

Tope hilo si letu asili yake. Ni udongo wa nchi za juu ulioteremshwa na maji, na ndiyo maana bahari ya Malindi huwa nyekundu baada ya mvua. Wataalamu walichunguza matumbawe ya Malindi yenye umri wa miaka 300 hivi, wakatangaza matokeo yao mwaka 2007. Walisoma katika matumbawe hayo kama mtu asomavyo daftari, wakaona kwamba udongo uletwao na mto ulizidi sana tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati mashamba ya bara yalipoanza kupanuliwa chini ya utawala wa Waingereza. Basi lililotendeka bara liliandikwa pwani.

MIJI YA KALE

Bonde hili limelisha miji tangu zamani. Katika mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na miaka michache baadaye merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani yetu. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka China na Kenya waliokota Mambrui sarafu ya shaba ya zama hizo. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa chakula na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mji usio na mashamba na mawindo nyuma yake hauwezi kukirimu wageni wa namna hiyo. Nafaka, ngozi na pembe za ndovu zilitoka bara, nyingi kwa mikono ya Wawaata, hodari wa upinde, walioishi kandokando ya Galana kabla ya wengi wetu kufika.

Mwaka 1593 Wareno walimhamishia mfalme wa Malindi Mombasa, na mji ukaanza kufifia. Gede, iliyokuwa na majumba ya mawe na misikiti kusini ya mto, iliachwa katika karne ya 17. Waoromo walitawala malisho ya kaskazini, na bonde likawa nchi ya ng'ombe na mikuki. Hata hivyo jina la mto halikupotea. Wataalamu wa lugha wa siku zetu wameliita kundi zima la lugha za Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro kwa jina la Sabaki, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Wale wanaotukanana sokoni kwa sababu ya kabila wangefanya vyema kulikumbuka jambo hilo.

MASHAMBA NA WATORO

Malindi ilifufuliwa na Masultani wa Unguja kiasi cha mwaka 1861. Waarabu na Waswahili walipewa ardhi, wakafungua mashamba makubwa ya mtama, ufuta na mahindi, na katika miaka michache Malindi ikawa ghala ya pwani. Nafaka yake ilipakiwa majahazini kupelekwa Unguja na Arabuni. Yatupasa tuseme wazi ni nani waliolima. Walilima watumwa, walioletwa kutoka nchi za kusini, mbali na jamaa zao. Utajiri wa zama zile ulikuwa jasho lao.

Wengi wao hawakukubali. Walivuka vichaka wakajenga vijiji vyao wenyewe mahali ambapo bwana hakuthubutu kuwafuata. Watu hao waliitwa watoro. Makongeni, kandokando ya Sabaki, kilikuwa mojawapo ya vijiji vyao; Fuladoyo, nyuma ya Takaungu, ni kingine, na humo aliongoza David Koi, Mgiriama Mkristo, aliyeuawa mwaka 1883. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Huko, mwanzo wa mwaka 1889, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza, George Mackenzie, alitoa hati za uhuru zaidi ya 1,400 baada ya kuwalipa mabwana fidia. Angalieni, ndugu, kwamba fidia walilipwa mabwana, na waliotumikishwa walipewa karatasi bila shamba. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Wakati huo Wagiriama nao walikuwa wakisogea kaskazini kutoka Kaya Fungo na nchi kavu ya kusini, wakifuata ardhi. Kufikia miaka ya 1890 walikuwa wamevuka Sabaki kwa wingi. Walilima kando ya mto wakapata mavuno yaliyowashinda kula, wakawauzia wafanyi biashara wa Malindi na Mambrui. Watoro na wageni wa namna nyingi walichanganyika nao. Hivyo watu wa bonde hili ni wahamiaji karibu wote. Mmoja alikuja na hati ya Sultani, mwingine kwa jembe, mwingine akikimbia minyororo.

MSTARI NA KARATASI

Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walikubaliana kwamba nchi ya Sultani iwe ukanda wa maili kumi tu kutoka pwani, na mwaka 1895 ukanda huo ukawekwa chini ya usimamizi wa Uingereza. Mstari ule haukufuata mto wala kilima wala mpaka wa shamba la mtu. Ulilikata bonde la Sabaki vipande viwili. Chini ya mstari kulikuwa nchi ya Sultani, ambamo mtu aliweza kudai milki. Juu ya mstari kulikuwa nchi iliyohesabiwa ya Serikali, na baadaye eneo lililotengewa wenyeji.

Ndipo ikatoka Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda alitakiwa kufika mbele ya msajili na kuthibitisha dai lake kwa muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa iliandikwa kuwa ya Serikali. Aliyejua kuandika, aliyekuwa na mashahidi mjini na barua za zamani, alipata hati. Mkulima wa ng'ambo, ambaye ushahidi wake ulikuwa makaburi, miembe na mipaka inayojulikana na jirani, hakupata kitu. Desturi yetu ya pwani ilizidi kulifanya jambo kuwa gumu. Kwa desturi hiyo mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyoota mnazi ikawa ya mwingine, na sheria ngeni haikujua kuuandika mti peke yake. Tangu siku hizo, watu waliokuwa wakulima walianza kuitwa maskwota.

VITA VYA 1914

Serikali ilitaka vitu viwili kwa Wagiriama: kodi ya nyumba, na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, ambao walikuwa wameanza kupanda mpira na pamba katika nchi ya Magarini na Malindi. Mkulima ambaye ghala yake imejaa haoni sababu ya kwenda kumlimia mwingine kwa ujira mdogo. Wakuu waliliona jambo hili vizuri. Waliona kwamba kazi haitapatikana maadamu watu wana shamba la mto. Basi mkuu wa jimbo, C. W. Hobley, akakusudia kuwaondoa Wagiriama katika ukingo wa kaskazini.

Aliyesimama mbele ya mambo hayo alikuwa mwanamke, Mekatilili wa Menza, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Katika mwaka 1913 alizunguka vijijini, na huko Kaya Fungo watu wakala kiapo, wanawake kiapo chao na wanaume chao, kwamba hawatatoa vijana wao. Wazee husimulia kwamba alimletea bwana mkubwa kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, kuku akamdonoa. Mekatilili akasema, hivyo ndivyo itakavyokuwa ukiwachukua watoto wetu. Alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka huo pamoja na Wanje, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa Kenya. Mwanzo wa mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao, safari ya mamia ya maili.

Mwezi wa Agosti 1914 Serikali iliivunja Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikatokea. Mishale ilikabiliana na bunduki, na mwisho wake wajulikana kabla ya kusimuliwa. Yatajwa kwamba Wagiriama kama 150 waliuawa na nyumba kama 5,000 zilichomwa moto. Walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kutoa wapagazi 1,000 kwa ajili ya vita ya Wazungu iliyokuwa imeanza, na kuuacha ukingo wa kaskazini wa Sabaki. Wakang'olewa penye rutuba, wakasongamana penye ukame, na njaa ikafuata. Nafaka waliyokuwa wakiuzia mji haikupatikana tena, hata wafanyi biashara wa Malindi wakaona hasara. Baada ya miaka michache Serikali yenyewe ilikiri kosa kwa vitendo, ikawaacha watu wavuke tena. Mekatilili na Wanje walirudishwa mwaka 1919. Lakini waliorudi walirudi kwa ruhusa, na ruhusa si milki.

BAADA YA UHURU

Tarehe 8 Oktoba 1963 ilikubaliwa kwamba ukanda wa Sultani uunganishwe na Kenya, na pamoja na hayo ikaahidiwa kwamba hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa. Ahadi hiyo iliwapa amani wenye hati. Kwa wasio na hati, hesabu ya mwaka 1908 ilibaki kama ilivyokuwa. Tarehe 12 Desemba 1970 kulirushwa chombo cha kupeleleza nyota kutoka jukwaa la Waitaliano lililoko baharini Ngomeni, kaskazini ya bonde letu, nacho kikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Chombo kilifika mbinguni. Mkulima wa ng'ambo ya Sabaki alikuwa bado akingoja karatasi ya ekari zake chache.

Hatusemi kwamba hapakufanyika kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulianzishwa mradi mkubwa wa kugawa mashamba huko Magarini kwa msaada wa Serikali ya Australia. Vichaka vilifyekwa kwa mitambo na vipande vikapimwa. Lakini udongo wa huko ulikuwa dhaifu, maji yalikuwa machache, na wenyeji waliokwisha kulima hapo walisikilizwa kidogo. Msaada ulikoma kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 kupita mbali, na matumaini ya wapimaji hayakutimia. Huko juu, katika nchi ya Galana na Kulalu, kulianzwa mwaka 2014 shamba la mfano la ekari 10,000 la mahindi ya kumwagilia, nalo pia halikutoa kama ilivyotarajiwa. Kwa upande mwingine, visima vya Baricho, vinavyonyonya maji kandokando ya mto, vimekuwa neema, kwa kuwa hunywesha Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Twakumbusha tu kwamba wako watu waishio karibu na mabomba hayo ambao bado huteka maji mtoni penye mamba.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, na tangu 2013 bonde letu ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi, ambayo kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,453,787. Sheria ile ya 1908 ilifutwa mwaka 2012. Makaya ya Wamijikenda yaliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Mekatilili, aliyepelekwa Kisii kama mhalifu, sasa husherehekewa Malindi kila mwaka. Ni heshima njema. Lakini alichokipigania kilikuwa watoto na shamba, na sherehe haiwezi kushika mahali pa hivyo viwili.

YATUPASAYO

Tukizitazama habari hizi kwa jumla twaona jambo moja. Ardhi ya bonde hili imelimwa na watu wa asili nyingi, na mara kwa mara imechukuliwa kwa karatasi kutoka kwa wale wasio na karatasi. Mto haukumbagua mtu. Mstari na daftari ndivyo vilivyobagua. Kwa hiyo twaona kazi zetu ni hizi.

Kwanza, tuandike. Kila ukoo uandike majina ya waliotangulia, mwaka waliohamia, makaburi yalipo, na nani alipanda miembe na minazi ya mpakani. Wazee wanaojua hayo hupungua kila mwaka, kama orodha ya rambirambi katika taarifa hii inavyoonyesha. Mwanachama ambaye jamaa zake wamekaa waziwazi, bila ruhusa ya mtu, kwa zaidi ya miaka 12 katika ardhi ya mtu binafsi, aweza kupeleka dai mahakamani kwa sheria iliyopo. Ardhi ya Serikali haidaiwi kwa njia hiyo. Asikilize kwanza shauri la wakili kabla ya kutia sahihi jambo lolote, na asitie sahihi karatasi asiyoisoma.

Pili, tusitafute haki yetu kwa kumnyima jirani haki yake. Hakuna kati yetu awezaye kusema kwamba alikuwako hapa kabla ya watu wote, ila labda Wawaata, na hao ndio waliopata kidogo kuliko wote. Mbuga ya Tsavo ilipowekwa mwaka 1948 uwindaji wao uligeuka kosa, na katika miaka ya 1950 wengi walifungwa. Mjukuu wa mtoro, mjukuu wa Mgiriama na mjukuu wa mwenye shamba wa Malindi wote wamezikwa katika udongo ulioletwa na mto mmoja.

Tatu, tuushike udongo wenyewe. Kingo za mto zilizofyekwa mpaka majini huporomoka kila masika. Aliyepoteza ekari kwa karani aweza kudai siku moja. Aliyeipoteza kwa maji hatamwona hakimu wake.

Ndugu, kumbukumbu za mashamba mtakazoziandika zileteni katika mkutano mkuu ujao, zihifadhiwe pamoja na vitabu vya chama.  Makosa yaliyomo humu ni yetu. Yeyote aliyeona palipopungua na atuongezee.